Migomba ya Kiangazi

Jumatatu, 2 Septemba

Nimepepeta mahindi, nimefua, nimemwogesha Pina. Upepo una vumbi hata macho hayafunguki. Pina hataki uji, anafunga mdomo. Meno ya nyuma hayo. Nimempa kipande cha muwa anyonye, katulia.

Mchana kikundi tulikaa kwa mwenyekiti wetu, Mama Sixta. Dada Jeska wa shirika la mjini alikuja na gari. Kasema amepata wafadhili, wamelipenda ombi letu la kituo cha watoto wadogo. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nililia, nikasingizia vumbi.

Sababu naijua mwenyewe. Mwaka jana wakati wa kupanda nilimlaza Pina kwenye kitenge, bondeni, pembeni ya shamba. Nikapanda mstari, nikageuka, kitenge kitupu. Nilimkuta ukingoni mwa mfereji, ametambaa, uso umeelekea maji. Bado naota. Kituo kikiwepo mvua zinapoanza, atakaa na wenzake, kutakuwa na mtu wa kuwaangalia, nami nitalima bila roho kupaa. Hicho tu. Sitaki kingine.

Alhamisi, 5 Septemba

Kumbe kinatakiwa kiwanja. Kiwe karibu na bomba la maji, watoto wapate kunawa. Karibu na bomba kipo kimoja tu, cha mama mkwe. Aliachiwa na marehemu baba mkwe. Hakilimwi, kina majani na kichuguu. Wamama wote wakanigeukia mimi.

Nimemwambia jioni tunamenya mihogo. Kamenya mpaka beseni likajaa. Halafu kauliza, "Wewe unawajua hao watu?"

Nikasema ndiyo, mama, nawajua. Nimejibu haraka kuliko ninavyojua. Hao wafadhili sijawaona hata kivuli. Jeska mwenyewe namjua kwa semina tu. Hata daftari hili lilitoka semina.

Kasema haya, kwa ajili ya Pina wakachukue.

Kikiharibika kitu, kimeharibika kwangu.

Jumanne, 10 Septemba

Jeska kaja kukiona kiwanja. Kakipenda. Kamshika mama mkwe mikono miwili, kasema asante mama, Mungu akubariki. Mama mkwe akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kikapu chake cha kifuniko, ndani kuku. Yule wa madoa, anayetaga vizuri. Mimi mwenyewe nilishtuka, yule hauzi hata kwa fundi wa cherehani anayemdai.

Jeska kakataa. Kwa tabasamu, lakini kakataa. "Mama, sera ya shirika haituruhusu kupokea zawadi."

Mama mkwe kasimama na kikapu chake. Kuku analia ndani. Sijui niliangalia wapi.

Dereva wao anaitwa Saidi, mtu mzima, Myao wa Tunduru. Alikuwa ameegemea gari, akadakia: "Leo Wangoni wanagawa kuku! Dunia inaisha." Mama Sixta akamjibu aende akaokote korosho zake huko. Watani hao, kila wakikutana ni hivyo. Tulicheka kidogo. Mama mkwe hakucheka.

Njiani kaniambia: "Polisi walipomfuata mjomba wako kwa gongo, walikula kwanza ndipo wakamfunga pingu. Huyu binti yako hata polisi wanamshinda." Halafu tukafika nyumbani, anamfungulia kuku, kasema tena: "Asiyetaka kuku wako hataki ujirani. Anataka kitu ambacho kuku hatoshi."

Nimemwambia watu wa mjini ndivyo walivyo. Lakini neno lake limeniingia. Limekaa.

Jumapili, 15 Septemba

Leo kigangoni padri hakuja, katekista kaongoza. Sikusikia hata somo. Watu wananong'ona vigingi.

Ijumaa walikuja vijana wa mjini na mashine ya miguu mitatu. Jeska hakuwepo. Hawakumuuliza mtu. Wakapima kiwanja, wakapigilia vigingi pembe zote, vyenye utepe mwekundu. Mama mkwe kaenda kuwaona, mmoja kamwambia "mambo vipi mama." Mambo vipi! Kwa mwanamke mwenye wajukuu. Hakuitika. Karudi, kakaa jikoni, kachochea moto usio na chungu.

Nimempigia simu mume wangu, Beno, huko Namtumbo. Yuko kwenye tumbaku mpaka Desemba. Nilitaka anitulize. Kasema wenyeji wa huko wanasimulia, vigingi vyekundu vikifika hujui vinatafuta nini. Huenda ni madini. Huenda ni mwekezaji. "Kwanza wanakuja na zahanati, na shule, wewe unacheka. Baadaye unaambiwa hapa si kwako." Nikasema hawa ni watu wa watoto, Beno. Kasema, "Kwani umeona wapi mtu anapima eneo la watoto kwa mashine?"

Nikasema salio linakwisha.

Jumamosi, 21 Septemba

Sijui kama niandike. Naandika.

Jeska alikuja kupiga picha za watoto za kuwapelekea wafadhili. Tuliambiwa jana. Nikamwogesha Pina, nikampaka mafuta, nikamvalisha gauni la njano la Pasaka. Anavyolipenda! Akilivaa anatembea kama bibi harusi, anajishika pindo.

Jeska kamwangalia, kacheka, kasema kapendeza. Halafu kaniita pembeni. "Mama Pina, hana gauni la kawaida? Lile la kila siku?"

Nikauliza la kila siku lipi.

"Ili wafadhili waone uhitaji."

Mikono yangu mwenyewe ilimvua. Nikamvalisha lile la kuchezea, lililochanika kwapani. Viatu navyo nikavua, sikuambiwa, nilielewa. Pina akalia anataka la njano. Akapigwa picha analia, kamasi, vumbi miguuni.

Jeska kasema, "Safi sana."

Safi sana.

Jumanne, 24 Septemba

Nimeota watu nisiowajua wanamwangalia mwanangu analia, wanapitishiana simu. Hakuna anayemfuta kamasi.

Sasa nami najiuliza. Mtu anayeweza kumvua mtoto gauni ili apate anachotaka, atashindwa kumvua bibi kiwanja?

Jumapili, 29 Septemba

Mama mkwe hanisemi. Afadhali angenisema. Anapika, ananipakulia, ananiambia kula unanyonyesha. Ugali na likolo la mhogo, kisamvu chetu, ananiwekea fungu kubwa. Kila asubuhi anapita kwenye kiwanja, anaangalia vigingi, anarudi. Kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa.

Nilimwambia niving'oe. Kasema acha. "Ukiving'oa watasema tumeanza sisi."

Alhamisi, 3 Oktoba

Tumekaa bombani, kikundi peke yetu. Watu wa shirika hawajui.

Mama Sixta kasema yeye si mtoto. Kwao, barabara ilipopita, aliyekuwa na miti alilipwa, aliyekuwa na majani aliambiwa pole. Penye mmea pana fidia. Kwa hiyo kiwanja kipandwe haraka, migomba, kabla wafadhili hawajaja kukiona. Wakiwa wema, migomba haiwadhuru. Wakiwa wezi, walipe.

Wamama wote: kweli, kweli.

Nikasema jamani, kiangazi hiki, migomba itakufa. Tena wakiiona watatuelewa vibaya, kituo kitakwenda. Mama Sixta kanikata. "Mama Pina, nyamaza tu. Si wewe uliyesema unawajua?"

Nikamtazama mama mkwe, ndiye mwenye kiwanja. Kasema machipukizi atatoa yeye, nyuma ya nyumba yapo mengi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tumepanda. Nami nimepanda, Pina mgongoni. Ardhi ngumu kama sahani, jembe linaruka. Tumebeba ndoo za maji mpaka shingo inauma. Mistari imenyooka kabisa, kutoka kigingi mpaka kigingi. Hata shambani kwetu hatupandi vizuri hivyo.

Kufika saa kumi migomba yote imeinamisha vichwa.

Tumefanya kitu cha kijinga. Na bado roho imetulia kidogo kuliko jana. Ndivyo ilivyo, niandike ukweli.

Jumatano, 9 Oktoba

Jeska kapiga simu. Mama mfadhili mwenyewe yuko Songea, anakuja Jumamosi. Kauliza, huko kwema? Kiwanja kiko sawa?

Nikasema kwema.

Ningeweza kumwambia. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

Halafu kasema, sauti ya chini, si ile ya semina: "Mama Pina, nakutegemea. Huyu mama akiondoka na wasiwasi, wanakwenda mkoa mwingine." Nikasikia kama anaogopa. Badala ya kumwonea huruma nikazidi kushuku. Anaogopa nini? Mtu mwenye jambo safi anaogopa nini?

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimemlaza Pina, naandika polepole nisiache kitu.

Walikuja asubuhi. Jeska, Saidi dereva, na mama mfadhili. Mzungu, mtu mzima, mvi fupi, viatu vya kutembelea milimani. Katusalimia "shikamooni" wote, hata watoto. Watoto wakaitika marahaba, wakacheka mpaka wakaanguka. Tuliwapikia wali na kuku. Yeye alikunywa maji ya chupa yake. Mama mkwe aliona hilo pia.

Tukaenda kiwanjani kwa miguu, Saidi akatangulia na gari. Nilitembea nyuma kabisa.

Jeska alipoiona migomba alisimama. Kanigeukia mimi, si Mama Sixta, mimi. Mdomo wazi. Migomba yenyewe sasa, majani yamekauka, rangi ya ugoro, inaning'inia. Shamba zima la maiti limesimama kwa mistari. Mama mfadhili anatabasamu, anadhani ndivyo tunavyolima.

Hakuna wa kusema. Sisi hatuwezi, Jeska hawezi.

Saidi akashuka kwenye gari. Akazunguka, akashika mgomba mmoja, akaupima kwa kiganja kama muuza vitambaa. "Wangoni! Nani kawafundisha kupanda migomba Oktoba? Hii siyo migomba. Mmepanda fidia!"

Nikasema tumekwisha.

Mama Sixta akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Akamwambia, "Wewe Myao, mkate mwenyewe huna, unaangalia jiko la watu!" Basi wamama wote wakaangua. Tulicheka mpaka machozi, aibu imo humo humo. Mtu mwingine angesema yale, ungekuwa ugomvi wa miaka. Mtani anasema, unabaki kucheka, na neno limeshatoka.

Mama mfadhili akamuuliza Jeska tunacheka nini.

Hapo nilimwangalia Jeska vizuri. Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema tunafurahi wageni. Nani angejua? Kafumba macho kidogo. Halafu kaanza kueleza, kwa Kiingereza, anaonyesha migomba, anaonyesha vigingi. Nilijua anasema kweli kwa sababu tabasamu la yule mama lilikuwa linapungua.

Yule mama akachuchumaa. Akashika jani kavu. Akauliza kitu. Jeska akatafsiri, hakututazama: "Anauliza, mnaogopa tutawanyang'anya?"

Mama Sixta, mwenyewe mwenye maneno, kaangalia kucha.

Nikasema mimi. Sijui nilitoa wapi. Pina nimempakata, nikasema ndiyo, tunaogopa. Nikasema vijana walikuja na vigingi hawakumwamkia mwenye kiwanja. Nikasema mama mkwe wangu alitoa kuku, akaambiwa sera. Kwetu hapa ukikataa cha mtu, umemwambia hutaki akudai wala umdai, yaani hamjuani. Nikasema mwanangu alikuwa na gauni zuri, akavuliwa, akapigwa picha na lililochanika. Nikasema dada, na hilo litafsiri.

Kalitafsiri. Najua, maana yule mama alimtazama Jeska, halafu Pina, halafu akashika paji la uso.

Akajibu kwa kirefu. Hakuombwa kuficha, hakuficha. Kasema kuhusu kuku na vijana wale, anaomba radhi. Picha, hakujua. Lakini kiwanja, kasema, kama mnavyojua, lazima kiandikwe jina la shirika kwanza ndipo wajenge. Ndilo sharti lao kila mahali.

Kama mnavyojua.

Hakuna aliyejua. Jeska alitafsiri neno moja moja, kama anatembea kwenye miiba. Wamama wakatazamana. Kumbe hatukuwa wajinga. Migomba ilikuwa ya kijinga, hofu haikuwa ya kijinga.

Mama mkwe akaja mbele. Hakupaza sauti. "Kiwanja nimempa mjukuu wangu akae. Sikumpa shirika. Wanaotaka kujenga wajenge, watoto wakae. Siku shirika likiondoka, liage kama mgeni anavyoaga. Mgeni haondoki na uwanja wa mtu."

Mama mfadhili kasema yeye peke yake hawezi kujibu hilo. Atakwenda kuuliza wenzake. Haahidi.

Nilihisi kituo kinatoka mikononi kama sabuni.

Wanajiandaa kuondoka, mama mkwe akatokea tena na kikapu. Kuku yule yule wa madoa. Sijui ni ukaidi au ni nini. Jeska akamtazama mama mfadhili, mama mfadhili akamtazama Jeska. Kila mmoja anamsubiri mwenzake avunje sera.

Saidi akaja akakinyakua kikapu. "Mimi mtani. Mtani haombi, anachukua. Sera waulizeni wao." Akakitia kwenye gari na kifuniko chake, akafunga mlango. Mama mkwe akapiga kelele, "Kikapu changu, wewe mwizi wa Tunduru!" Na akacheka. Mara ya kwanza tangu vigingi.

Jeska alinifuata kabla hajapanda. Kasema, "Nililijua sharti. Nilifikiri tukishaanza kujenga mtakubali." Nikauliza, na tusingekubali? Akafungua mlango wa gari. Nilimchukia na kumwonea huruma hapo hapo. Amekaa katikati, huku sisi, huku wao, kila upande anauambia unachotaka kusikia. Leo tu ndiyo kasema kitu kimoja kwa pande zote.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimechoka. Pina kavaa la njano kwenda kigangoni. Limeanza kumbana.

Jumapili, 20 Oktoba

Hakuna simu.

Wamama wamegawanyika. Wengine wanasema mama mkwe kawanyima watoto kituo kwa ajili ya kichuguu. Wengine wanasema mimi na mdomo wangu, ningekaa kimya tungekuwa na bati saa hizi. Mama Sixta ndiye aliyewanyamazisha. "Mlitaka bati juu ya ardhi ya nani?"

Beno kapiga. Kasema nilikuambia. Nikakata. Sijawahi kumkatia simu.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Bado kimya. Nimempigia Jeska, inaita haipokelewi. Nimepiga tena, imezimwa. Ndiyo basi. Mkoa mwingine.

Joto limefunga. Mawingu yanajikusanya upande wa Mpitimbi halafu yanaondoka. Mvua haiko mbali. Namwangalia Pina anavyokimbia sasa, hatambai tena, anakimbia. Mfereji uko pale pale.

Usiku sikulala, naufikiria ule mfereji.

Jumatano, 6 Novemba

Leo nimekwenda kwa Mama Sixta. Nimemwambia, wakati wa kupalilia tunaalikana, unapika togwa, watu wanakuja kwako, kesho unakwenda kwao. Nyumba za watu zimeezekwa hivyo. Kwa nini watoto wasubiri Wazungu? Tupige nguzo, nyasi zipo, kibanda kisimame kabla ya mvua. Tuangalie watoto kwa zamu, leo mimi, kesho wewe.

Kafikiri. Kasema, "Na wafadhili wakija?"

Nikasema watatukuta.

Nikaenda kumwomba mama mkwe kiwanja mara ya pili. Safari hii hakuniuliza nawajua hao watu. Kauliza togwa atapika nani.

Jumapili, 17 Novemba

Kibanda kimesimama. Nyasi zimefunga vizuri, mafundi ni waume wa wenzangu, walikunywa togwa wakalalamika haina kileo. Kichuguu tumekibomoa, udongo wake tumeukandika sakafu, mgumu kama saruji. Vigingi vya utepe mwekundu bado vipo. Mama mkwe katundika kwenye kimoja kata ya kunywea maji.

Migomba imekufa yote. Au karibu yote. Tulikuwa tunaing'oa kuwapa watoto nafasi, Mama Sixta kaona mmoja una jani kijani limejikunja katikati ya uozo, kama kidole. Tumeuacha.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua ya kwanza jana. Leo tope.

Mchana nikiwa zamu kibandani, bodaboda ikasimama. Jeska. Hana gari, kalowa, suruali tope mpaka magotini. Mkononi kikapu cha mama mkwe.

Kamwamkia mama mkwe kwanza. Kapiga goti kabisa, kwenye tope. Kampa kikapu kwa mikono miwili. Mama mkwe kafunua kifuniko. Dagaa wa Nyasa, wakavu, wamejaa. Jeska kasema, "Niliambiwa na Saidi kikapu cha watu hakirudi kitupu. Nimenunua kwa hela yangu, mama, siyo ya shirika."

Mama mkwe kachukua dagaa mmoja, kanusa, katafuna. Anamtazama Jeska muda wote anatafuna. Mwisho kasema, "Karibu uji."

Jeska kakunywa uji. Bakuli zima.

Halafu kaeleza. Alizima simu kwa sababu hakuwa na la kutuambia, aliogopa kutuambia uongo mwingine. Wafadhili wamekubali ardhi ibaki kwa mama mkwe, kikundi kitumie, na hayo yaandikwe mbele ya mkutano wa kijiji, wote tukiwepo. Lakini jengo kubwa hapana. Wamepunguza. Watatoa bati, tenki la maji, mafunzo ya walezi. Mwaka kesho wataangalia. Kasema anajua ni kidogo.

Mama Sixta kasema mkutano uwe wa mchana, watu wote wasikie, na Saidi awepo. Jeska kauliza kwa nini Saidi. "Yeye ndiye anayesema."

Nikamuuliza picha ya Pina. Nilitaka aseme imefutwa. Kasema ilishakwenda, imeshatumika, hawezi kuirudisha. Nashukuru hakunidanganya. Imeniuma vile vile.

Mama mkwe baadaye, anaosha mikono: "Dagaa wazuri." Halafu: "Tutamwona."

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua ya usiku, asubuhi jua. Ardhi laini.

Nimempeleka Pina kibandani. Zamu ya Mama Sixta. Hakulia, hata hakuniaga, alimwona mwenzake anachimba akaenda kuchimba. Gauni la njano, sasa la kuchezea, limekuwa fupi. Ule mgomba umetoa jani la pili. Watoto wameambiwa wasiuguse, kwa hiyo wote wanaugusa.

Bati halijaja. Jeska kasema wiki ijayo. Tutaona.

Nimeshuka bondeni peke yangu. Mgongo mwepesi mpaka nikajihisi nimesahau kitu. Mfereji umejaa, unapita kwa sauti. Nimepanda mstari, nikapanda mwingine, na mwingine, bila kugeuka.

Halafu nikageuka. Kutoka pale kibanda kinaonekana kidogo, paa tu. Nikasimama na jembe, nikasikiliza. Watoto wanaimba kitu, wote hovyo, kila mmoja wa kwake. Nikamsikia wangu.

Nikaendelea.